Mkono wa mtu

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, wadau, na wengine mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kuandika au nimepata kazi serikalini. Yote mawili hapana. Nilikuwa nyumbani Sumbawanga kwa misa ya kumwombea shangazi yangu, huu ukiwa mwaka wa pili tangu atutoke. Nimerudi Dar na hasira ambayo nimeibeba njia nzima, kuanzia Laela, Tunduma, Mbeya mpaka Ubungo, na leo naishusha hapa.

Kabla hujaanza kucheka: ndiyo, Sumbawanga. Najua. Nikimwambia mtu wa mjini kwetu ni wapi, anarudi nyuma hatua moja, halafu anauliza kama ni kweli kwetu watu husafiri kwa ungo. Nimechoka kueleza kwamba jina lenyewe linasema kinyume cha hayo. Sumba ni tupa, wanga ni uchawi. Tupa uchawi. Ni mji uliojiita kwa amri ya kuacha uchawi, halafu taifa zima likaamua ndiko uchawi ulikozaliwa! Lakini leo sitautetea mji wangu sana, maana hadithi ninayoileta ina uchawi ndani yake.

Turudi nyuma miaka miwili. Siku ya tatu ya msiba tumekaa nje tumezunguka moto, maana Julai pale juu Ufipa baridi haina utani. Baba Mdogo akaniita pembeni.

"Mwanangu, wewe ndiye umesoma. Hebu nieleze. Dada yangu ameondoka hapa anatembea kwa miguu yake, anafuata matibabu ya figo. Tukapigiwa simu, hali nzuri, mashine inamsafisha damu vizuri. Miezi mitatu haijaisha, anarudi kwenye sanduku. Hapo hakuna mkono wa mtu?"

Nikanyamaza. Wote pale tulijua ni mtu gani anayesemwa: bibi mmoja jirani, mjane, ambaye aliwahi kugombana na shangazi kuhusu mpaka wa shamba la maharage. Ana macho mekundu. Mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka sitini, lakini msibani nani anauliza habari za moshi?

Nilichotakiwa kusema siku ile ni hiki: Ndiyo, Baba. Mkono wa mtu upo, niliuona kwa macho yangu. Haukuwa umenawa.

Hospitali siitaji. Haiko Rukwa, niishie hapo. Shangazi alikuwa na mpira wa shingoni. Kwa ambao hamjabahatika kuuguza mgonjwa wa figo: ni mrija laini unaoingizwa kwenye mshipa mkubwa wa shingo, ncha yake ikakae karibu kabisa na moyo, na nje unabaki na midomo miwili. Damu inatoka kwa mdomo mmoja kwenda kwenye mashine, inasafishwa, inarudi kwa mwingine. Mara tatu kwa wiki. Wataalamu wanauita katheta ya mshipa mkubwa. Si wa wagonjwa wa figo tu. Mgonjwa mahututi huwekewa ili apate dawa kali, mtoto njiti huwekewa mdogo wa kwake ili apate chakula, mgonjwa wa saratani vilevile. Ni kifaa kizuri. Mjerumani mmoja, Werner Forssmann, mwaka 1929 alijipitishia mrija wa namna hiyo kwenye mshipa wa mkono mpaka moyoni, kisha akatembea mwenyewe hadi chumba cha eksrei kuthibitisha. Mabosi wake walimwona kichaa. Mwaka 1956 akapewa Tuzo ya Nobel.

Wa shangazi ulikuwa wa muda, asubiri kutengenezewa fistula ya mkononi. Miongozo ya figo ya Marekani ya mwaka 2019 inataka mpira wa shingoni wa aina ile usizidi wiki mbili. Wa shangazi ulikaa wiki kumi. Kila tukiuliza, daktari wa kufanya fistula yuko safari, au chumba cha upasuaji kimejaa, au mfuko wa bima haujajibu.

Jioni moja nimekaa pembeni ya kitanda, muuguzi akaja amevaa glavu zilezile alizotoka nazo kitanda cha pili. Akafungua kifuniko cha mpira, akakiweka juu ya shuka, akasukuma dawa, akarudisha kifuniko kilekile. Haikufika dakika. Simlaumu sana. Usiku ule alikuwa peke yake na wagonjwa kumi na tisa, na chupa ya spiriti iliyoning'inia ukutani ilikuwa tupu tangu Jumatatu. Mimi niliiona ile chupa, nikauona mkono, nikanyamaza. Nilijiambia mimi si daktari.

Wiki ya nane homa ikaanza. Ilikuwa homa yenye tabia. Akiunganishwa kwenye mashine, nusu saa haipiti anaanza kutetemeka mpaka kitanda kinalia, akitolewa, anatulia. Hata mimi mwandishi wa habari ningeweza kushuku kwamba kitu kibaya kimo ndani ya mpira na kinasukumwa mwilini kila mashine inapowashwa. Akapimwa malaria, hana. Akapewa dawa ya malaria. Kisha akaambiwa ana taifodi. Kisha UTI. Ndugu zangu, shangazi yangu kwa siku nzima alikuwa hapati mkojo wa kujaza kikombe cha chai, lakini UTI alikuwa nayo!

Mnaijua hiyo, msijifanye. Hakuna Mtanzania ambaye hajawahi kutoka zahanati na utatu mtakatifu wa malaria, taifodi na UTI, na mfuko wa dawa wa kutosha familia. Si mzaha mdogo huo. Watafiti waliofuatilia watoto 1,828 waliolazwa Muhimbili mwaka 2001 na 2002 walikuta kwamba waliokuwa na bakteria wa kundi la gramu-hasi ndani ya damu walikufa kwa asilimia 43.5, waliokuwa na malaria, asilimia 20.2. Zaidi ya mara mbili. Utafiti huo ulichapishwa 2007. Tangu hapo tungekuwa tumejifunza kwamba damu yenye vimelea inaua kuliko malaria, na kwamba ukitaka kujua kuna nini ndani ya damu unaiotesha. Unachukua damu kwa usafi, unaitia kwenye chupa yenye chakula cha vimelea, unaiweka kwenye joto, unasubiri siku chache uone kinachoota. Si uganga, ni kama kuotesha ulezi.

Damu ya shangazi iliotesha wiki ya tisa, baada ya daktari mmoja kijana, wa mafunzo, kung'ang'ania. Majibu yalitoka siku mbili baada ya mazishi. Karatasi ilisema: fangasi wa jamii ya hamira. Aina haikutambuliwa.

Hamira! Nilisoma mara tatu.

Nikamtafuta fundi wa maabara, na yeye, baada ya kuhakikisha simwandiki jina, akaniambia kilichoota hakikuwa na rangi nyeupe kama ilivyozoeleka. Kilikuwa cha waridi, kama aiskrimu ya stroberi. Kwenye vitabu vyake hamira ya rangi hiyo inaitwa Rhodotorula. Hawakuwa na vitendanishi vya kuthibitisha, kwa hiyo wakaandika walichoweza kukisimamia. Namheshimu kwa hilo.

Nikaanza kusoma usiku, na niliyoyakuta yalinitoa usingizi. Rhodotorula si jini. Ipo kwenye udongo, kwenye maji, hewani, bafuni, hata kwenye mswaki wako. Kwa mtu mwenye ngozi nzima na kinga nzima haina shughuli. Ila mpe mlango. Idadi kubwa ya wagonjwa walioripotiwa duniani kuwa nayo kwenye damu walikuwa na mpira wa mshipa mkubwa. Ikishapata plastiki, inajenga utando, ule utelezi unaousikia ukipitisha kidole ndani ya ndoo ya maji ambayo haijasuguliwa siku nyingi. Ndani ya utando huo dawa haipenyi vizuri. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya matibabu si dawa, ni kuutoa mpira. Na dawa yenyewe uijue: flukonazoli, ambayo ndiyo rahisi kupatikana huku kwetu, kwa Rhodotorula haifui dafu. Hata dawa mpya za kundi la mikafungini haziiwezi. Inayofanya kazi ni amfoterisini B, ya zamani, yenye sumu kali kwa figo. Mwaka 2021 jopo la wataalamu wa dunia lilitoa mwongozo mzima wa hamira hizi adimu, na humo haya yamo.

Shangazi alipewa nini? Flukonazoli, siku mbili za mwisho, kwa kubahatisha. Na mpira aliuvaa mpaka mwisho.

Wala si hiyo ya waridi peke yake. Kuna Malassezia, fangasi anayehusika na mba kichwani kwako sasa hivi. Anapenda mafuta. Mtoto mchanga akilishwa mafuta kupitia mshipani kwa mpira, huyu bwana anaingia karamuni. Na ukimwotesha kwa njia ya kawaida haoti mpaka fundi amdondoshee mafuta ya zeituni, kwa hiyo maabara isiyojua inaandika "hakuna kilichoota" na mtoto anaendelea kuzima. Kuna hamira yenyewe hasa, ndugu wa hii ya maandazi, inayouzwa kwenye vidonge vya kutuliza kuhara. Muuguzi anafungua kidonge kando ya kitanda, unga unaruka, mikono inashika mpira, na hamira imo kwenye damu. Ulaya maelekezo ya dawa hiyo sasa yanakataza kumpa mgonjwa mahututi au mwenye mpira wa mshipa mkubwa. Bibi zetu waliopika pombe ya ulezi walijua kwamba hamira ukiifungulia chungu inaingia bila kubisha hodi. Walifunika chungu. Sisi tumeshindwa kufunika mrija unaokwenda moyoni.

Mtaniambia: haya ni magonjwa adimu, wewe unakuja kutusumbua na hamira ya waridi wakati Rukwa ina shida zake. Hoja hii naiheshimu kuliko zote, na naijua kwa ndani. Mkoa wetu ni ghala la mahindi la nchi, lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta karibu nusu ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Nusu! Mkoa wenye watu 1,540,519 kwa sensa ya mwaka huohuo. Mtu anaweza kusema kwa haki kabisa kwamba chupa ya kuoteshea damu ni anasa.

Ila neno hilo "adimu" lina ujanja. Adimu kwa hesabu ya nani? Kinachohesabiwa ni kile kilichoota, na kinachoota ni kile kilichotiwa kwenye chupa. Mahali pasipo chupa, kila kitu ni adimu isipokuwa malaria, taifodi na UTI. Tazameni Nairobi. Mwaka 2009 wataalamu wa Japani walieleza kwa mara ya kwanza hamira mpya waliyoitoa kwenye sikio la mgonjwa, wakaiita Candida auris. Ilionekana kama kichekesho cha maabara. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, walipofungua daftari lao la tangu Septemba 2010 hadi Desemba 2016, walikuta asilimia 38 ya wagonjwa wao wenye fangasi wa kundi la Candida kwenye damu walikuwa na huyuhuyu mgeni. Walikuwa wale waliolazwa muda mrefu, wengi wenye mpira wa mshipa mkubwa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likamweka kwenye daraja la juu kabisa la hatari katika orodha yake ya kwanza ya fangasi.

Sasa nijibuni: Nairobi ni wachafu kuliko sisi? Au Nairobi waliotesha, wakahesabu, wakawa na ujasiri wa kuchapisha jina lao juu ya aibu yao? Ningependa kuona hospitali moja tu ya nchi hii ikibandika mlangoni, kama tunavyobandika picha za viongozi: mwezi huu mipira ya mishipa mikubwa iliyoingiwa na vimelea ni mingapi. Hata kama ni mingi. Hasa kama ni mingi.

Kwa dunia nzima makadirio yaliyochapishwa 2024 na Profesa David Denning wa Manchester yanasema watu wapatao milioni 1.5 kwa mwaka wanapata fangasi wa Candida wa ndani ya mwili, na karibu milioni moja miongoni mwao hufariki. Hao ni wa Candida peke yake, ambaye si adimu. Kwa hiyo tusidanganyane na neno.

Halafu kuna hoja ya pili, ambayo siiheshimu hata kidogo: eti tusubiri uwezo. Tukipata mashine, tukipata fedha, tukipata wafadhili. Ndugu zangu, fedha zilikuja. Mwaka 2021 nchi ilipokea mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa kama shilingi trilioni 1.3 kwa ajili ya UVIKO-19, na sehemu yake ikajenga vyumba vya wagonjwa mahututi na majengo ya dharura katika hospitali nyingi. Sipingi hata tofali moja. Mtu wa Kirando au wa Mtowisa kupata kitanda cha ICU ndani ya mkoa wake, badala ya kufia njiani akipelekwa Mbeya, ni jambo la kushangilia. Ninachosema ni kwamba kitanda cha ICU ni kitanda cha mipira. Ukiongeza vitanda unaongeza midomo ya mipira, na kila mdomo ni mlango. Je, tuliponunua vitanda tulinunua na spiriti? Tulinunua na chupa za kuoteshea? Nani aliuliza?

Mimi sikuuliza. Hapa ndipo inaponiuma. Niliwahi kutumwa kuandika uzinduzi wa namna hiyo, mkoa mwingine. Nikapanda gari la msafara, nikala wali wa msafara, nikaandika vitanda ni vingapi, thamani ni kiasi gani, na mama mmoja "aliishukuru serikali". Habari ikatoka ukurasa wa tatu na picha ya mkasi na utepe. Katika habari yote ile hakuna mahali nilipouliza nani ananawa mikono na kwa nini. Baada ya shangazi kufariki nikampelekea mhariri wangu wa wakati ule wazo la kuandika juu ya maambukizi ya damu hospitalini. Akaniangalia kwa huruma. "Hiyo haina sura," akasema. "Hamira utaipiga picha wapi?" Niliona kama amenipa ruhusa ya kunyamaza tena.

Na dawa ya tatizo hili ni rahisi mpaka inatia aibu. Jimbo la Michigan, Marekani, vyumba 103 vya wagonjwa mahututi viliingia kwenye jaribio lililoongozwa na daktari Peter Pronovost, matokeo yakachapishwa 2006. Walifanya nini? Nawa mikono. Paka mgonjwa klorheksidini kwenye ngozi. Jifunike na mfunike mgonjwa kwa nguo safi wakati wa kuweka mpira. Epuka kuuweka kwenye paja. Na kila siku jiulize kama bado unahitajika. Kama hauhitajiki, utoe. Basi! Kabla ya hapo katikati ya vyumba hivyo palikuwa na maambukizi 2.7 kwa kila siku 1,000 za mipira. Miezi mitatu baadaye, sifuri. Hakuna mashine mpya hapo. Jipya lilikuwa moja, na ndilo gumu kwetu: daktari akiruka hatua, na si dharura, muuguzi alikuwa na mamlaka ya kumsimamisha.

Hebu jaribu kuipiga picha hiyo kwenye wodi unayoijua wewe. Muuguzi wa miaka ishirini na minne, ajira ya mkataba, anamwambia bingwa: "Samahani daktari, hujanawa." Jumatatu ijayo huyo binti yuko kituo cha afya ambacho barabara yake hupitika kiangazi tu. Sisi tumelelewa kumwambia mkubwa shikamoo, na ni malezi mazuri, mimi mwenyewe nayashika. Lakini shikamoo haizuii kusema mkono wako mchafu. Mama zetu walituambia hivyo kila siku kabla ya kula ugali na hakuna aliyeona amevunjiwa heshima.

Tena mbegu tunayo. Mfumo wa 5S ulioletwa kwa msaada wa Wajapani ulianzia Hospitali ya Rufaa ya Mbeya mwaka 2007, hiyohiyo inayopokea wagonjwa wetu wa Rukwa: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Maneno yamebandikwa ukutani nchi nzima. Mwongozo wa taifa wa kuzuia maambukizi upo, toleo la 2018. Spiriti ya mikono Shirika la Afya Duniani lilishatoa mapishi yake kwa wote tangu 2009: ethanoli asilimia 80, gliserini kidogo, haidrojeni peroksaidi kidogo, maji yaliyochemshwa. Famasi ya hospitali ya mkoa inaweza kuipika. Chupa ya damu inaweza kupanda basi la asubuhi kutoka Sumbawanga, ikafika Mbeya jioni. Lami ya Tunduma ipo siku nyingi, na maharage ya Ufipa huipita kila siku. Kwa hiyo usiniambie uwezo.

Ninachodai ni kwamba mkoa wowote utakaotaka kuzindua mashine ya kusafisha damu au kitanda kipya cha mahututi, na naomba Rukwa ianze, uoneshe kwanza vitu visivyo na utepe. Chupa za kuoteshea za mwaka mzima. Spiriti isiyoisha Jumatatu. Jina la muuguzi mwenye ruhusa ya maandishi ya kumsimamisha yeyote. Ratiba ya fistula, ili mpira wa muda uwe wa muda. Amfoterisini B kwenye kabati, au namba ya simu ya mahali ilipo. Na sisi wa kalamu, tukialikwa, tuulize hayo kabla ya wali.

Na wewe msomaji mwenye mgonjwa wodini, uliza kila asubuhi: mpira huu unatoka lini? Akitetemeka kwenye mashine, uliza: mmeotesha damu? Utaonekana mjuaji. Vumilia.

Nimalizie habari za nyumbani. Ile karatasi ya majibu nilikaa nayo miaka miwili kwenye mkoba wa kompyuta. Sikuionyesha ukoo. Niliogopa wataniuliza ulikuwepo, uliona, ulisema nini. Wakati mimi nakaa nayo, maneno ya msibani hayakukaa. Mwaka huu nilipofika nilikuta nyumba ya yule bibi imefungwa kwa waya mlangoni na mahindi ya mtu mwingine yamelimwa hadi ukutani. Wakaniambia yuko Laela kwa binti yake. Aliondoka mwenyewe, wakasema. Vijana walikwenda usiku "kuongea naye", mara mbili, halafu akaondoka mwenyewe.

Baada ya misa nikaitoa karatasi, nikampa Baba Mdogo. Nikamweleza yote, na chupa tupu ya ukutani, na glavu, na mimi kukaa kimya. Alivaa miwani, akaisoma polepole, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kingine kilichoandikwa.

"Hamira," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Na wale wa hospitali, walikuja kusema?"

"Hapana."

Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa koti. Kesho yake asubuhi, kabla sijapanda basi, nilimkuta amesimama stendi kwenye foleni ya gari la Laela.